"Ilikuwa Kwenye Intraneti" Si Jibu

Kama umeajiriwa katika kampuni kubwa kidogo hapa Kenya, huenda umewahi kujibiwa hivi: "Lakini hiyo habari ilikuwa kwenye intraneti!" Unajibiwa hivyo siku zako za likizo zikiwa zimeshapotea, au ukiwa umechelewesha fomu ya bima ya mtoto. Au umesafiri kikazi, umerudi na risiti zako mkononi, ndipo unaelezwa kwamba utaratibu wa kurudishiwa nauli ulibadilika mwezi uliopita. Ilikuwa kwenye intraneti. Kesi imekwisha, mwenye makosa ni wewe.

Leo nina ugomvi na sentensi hiyo. Mimi ni mtengenezaji wa programu na mkate wangu unatokana na kujenga vitu vya aina hii, kwa hivyo huu ni ugomvi wa nyumbani. Hoja yangu ni moja: habari iliyowekwa mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kuipata haijatolewa, imefichwa. Na kampuni ambayo haijawahi kuhakikisha kwamba watu wake wanaweza kupata kitu kwenye intraneti haina haki ya kumwadhibu mtu kwa kutokipata.

Kwa ambaye neno ni geni: intraneti ni tovuti ya ndani ya kampuni. Inatumia kivinjari kile kile unachosomea magazeti na viungo vile vile vya kubofya, ila watu wa nje hawaruhusiwi kuingia. Humo hukaa fomu, sera, nambari za simu za wenzako, hati za mshahara na matangazo. Yaani mambo yanayogusa tumbo la mtu.

Haya, tuingie ndani tuone.

Ukurasa wa mwanzo. Juu kabisa kuna picha kubwa ya mkurugenzi mkuu akikata utepe. Kabla hujamaliza kuitazama, inajisogeza yenyewe na kuleta picha nyingine: wakubwa wakipanda mti. Halafu ya tatu: wakubwa na hundi kubwa ya kadibodi. Chini yake kuna dira na dhamira ya kampuni, maneno ambayo hakuna mtu amewahi kuamka asubuhi akayatafuta. Pembeni kuna hali ya hewa ya Nairobi, kana kwamba ofisi haina madirisha. Kuna salamu za Mwaka Mpya, na tuko Julai.

Sasa tafuta fomu ya likizo. Menyu inakuonyesha Fedha, Ununuzi, Rasilimali Watu, Mikakati, Uhusiano Mwema. Unakisia Rasilimali Watu. Ndani kuna Sera, Taratibu, Nyaraka na Rasilimali. Nyaraka na Rasilimali zina tofauti gani? Hata aliyeziweka hajui. Unachagua Nyaraka, unachagua Fomu, unakutana na orodha ya mafaili sitini. Limo HR-F-07. Limo HR-F-07 mpya. Limo HR-F-07 mpya ya mwisho. Na limo HR-F-07 mpya ya mwisho 2. Unafanya nini? Unafanya anavyofanya kila mtu: unainua simu na kumpigia dada wa Rasilimali Watu akutumie fomu kwa barua pepe. Ukitaka nambari yake ya simu, ole wako, maana orodha ya simu nayo iko humo humo kwenye intraneti.

Unaweza kucheka. Mimi niliacha kucheka katika kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi, ambayo sitaitaja. Dereva mmoja, mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee, alipoteza siku 9 za likizo alizokuwa amezilimbikiza ili aende nyumbani kujenga. Kampuni ilikuwa imetoa tangazo kwamba siku za mwaka uliopita zisizotumika kabla ya mwisho wa Machi zitafutwa. Mzee alikuwa barabarani na lori siku nne kati ya tano. Kompyuta aliyoruhusiwa kuitumia ilikuwa moja, kando ya stoo, na ilitumiwa na watu wapatao ishirini. Alipokwenda kulalamika aliambiwa kwa heshima zote: "Pole Mzee, lakini ilikuwa kwenye intraneti."

Nikaenda kulitafuta tangazo hilo mimi mwenyewe. Mimi niliyesomea sayansi ya kompyuta na ninayejua hata seva inakaa chumba gani. Niliandika "likizo" kwenye kisanduku cha kutafutia: sifuri. Nikaandika neno la Kiingereza: matokeo kurasa kwa kurasa, la kwanza likiwa hotuba ya zamani ya mkurugenzi. Mwishowe nililikuta ndani ya kurasa za idara, katika folda ya matangazo ya robo ya kwanza. Lilikuwa karatasi iliyochapishwa, ikatiwa saini na muhuri, ikapigwa skani, kisha ikapandishwa kama PDF. Skani ya namna hiyo ni picha tu. Kama hakuna aliyeipitisha kwenye programu ya kutambua herufi, injini ya kutafuta haioni neno hata moja ndani yake. Kwa kompyuta, tangazo lile halikuwa na tofauti na picha ya paka.

Kwa hiyo tangazo lilikuwepo? Lilikuwepo, jinsi shilingi iliyodondoka baharini Likoni ilivyopo.

Na hapa sheria nayo ina neno. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12 ya utumishi. Kifungu cha 30 kinampa likizo ya ugonjwa. Kifungu cha 12 kinazungumzia kanuni za nidhamu: mwajiri anaweza kumwelekeza mfanyakazi kwenye waraka wenye kanuni hizo, mradi waraka huo uwe unafikika kwa kadiri inayofaa. Mimi si wakili, na sisemi kwamba dereva yule angeshinda kesi. Ninachosema ni kwamba waliotunga sheria walielewa jambo ambalo idara nyingi hazijalielewa: kuwepo kwa waraka ni kitu kimoja, kufikika kwake ni kitu kingine.

Kwa nini intraneti huwa mbaya hivi?

Si kwamba watengenezaji ni wajinga. Kuna sababu mbili, na zote zinajulikana.

Ya kwanza iliandikwa na Mmarekani aitwaye Melvin Conway mwaka 1968. Alisema kwamba shirika likibuni mfumo, mfumo huo utafanana na jinsi watu wa shirika hilo wanavyowasiliana wao kwa wao. Angalia menyu ya intraneti yenu, kisha angalia ule mchoro wa vyeo uliotundikwa mapokezi. Si ndiyo hiyo hiyo? Kila idara imepewa kiambo chake, na kila mkuu wa idara amehakikisha jina lake liko mbele. Lakini mfanyakazi haji na swali la idara. Anakuja na shida: mtoto anaumwa, kompyuta imekufa, nataka kujua nimebakiza siku ngapi. Ili apate jibu, lazima kwanza ajue ni idara gani inamiliki shida yake. Tumemgeuza kila mwajiriwa kuwa mtaalamu wa siasa za ofisi.

Ya pili ni pesa. Tovuti ya nje ikiwa mbaya, mteja anaondoka na kwenda kwa mshindani, na mauzo yakishuka kila mtu anashtuka. Intraneti haina mshindani. Mfanyakazi ni kama abiria aliyekwama kwenye matatu iliyoharibika kati ya Voi na Mtito Andei, ataenda wapi? Halafu anayelipia intraneti siye anayeitumia. Mkurugenzi mkuu hajazi fomu ya likizo, hujaziwa na katibu wake. Hatafuti nambari ya simu, huunganishwa. Intraneti anaiona siku mbili: siku ya kuonyeshwa mfano na siku ya uzinduzi. Kwa hiyo inatengenezwa ipendeze kwa siku hizo mbili. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti hakualikwa kwenye kikao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wavuti yenyewe ilizaliwa kwa kazi hii hii. Machi 1989 Tim Berners-Lee aliandika pendekezo kwa wakubwa wake wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Tatizo alilolieleza halikuwa la dunia nzima, lilikuwa la ofisini kwao: watu wanakuja, wanafanya kazi miaka michache, wanaondoka, na wanayoyajua yanapotea. Nani anajua nini? Waraka uko wapi? Na wavuti ilipoanza kufanya kazi, kilichowavutia wengi pale CERN hakikuwa kitu cha ajabu. Kilikuwa kitabu cha simu! Orodha ya nambari za wafanyakazi ilikuwa imefungiwa kwenye kompyuta kubwa yenye taratibu zake za kuingilia, na ghafla mtu aliweza kuandika jina na kupata nambari. Watu walianza kuitumia wavuti kwa sababu iliwatatulia kero ndogo ya kila siku.

Zaidi ya miaka thelathini imepita. Je, orodha ya simu ya kampuni yenu inafanya kazi? Ina nambari za watu waliopo, au bado ina waliostaafu?

Rangi mpya, nyumba ile ile

Kila baada ya miaka michache kampuni hukubali kwamba intraneti ni mbovu. Ndipo huitisha "muundo mpya". Najua jinsi kikao hicho kinavyokwenda kwa sababu nimekaa ndani ya vikao vya aina hiyo. Saa mbili zinatumika kujadili rangi. Je, bluu hii ndiyo bluu ya nembo yetu? Nusu saa inatumika kwa ukubwa wa picha ya mkurugenzi. Mtu mmoja anataka kaunta ya kuhesabu siku zilizobaki kabla ya sherehe ya miaka ishirini ya kampuni. Dakika kumi za mwisho mtu anauliza, "Na yale mafaili ya zamani?" Anajibiwa, "Hamisheni yote."

Hamisheni yote! Kwa maneno hayo mawili, zile HR-F-07 nne zinahamia nyumba mpya na kukaa pamoja kwa amani. Siku ya uzinduzi kuna keki, kuna fulana, kuna bango kwenye lifti na barua pepe tatu za kuwasihi watu watembelee. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu cha simu cha CERN hakikuhitaji keki.

Sasa tujibu visingizio, maana navijua vyote.

Kisingizio cha kwanza: "Watu wetu hawajui kompyuta, wapewe mafunzo." Wakenya hawa? Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa ikiwa menyu ya maandishi matupu ndani ya kadi ya simu, kwenye skrini ndogo kama kiberiti. Mama mboga akaitumia, babu kijijini akaitumia. Ni kweli mawakala waliwasaidia watu mwanzoni, lakini sijasikia mtu aliyepelekwa semina ya siku mbili hotelini Naivasha ili ajifunze kutuma shilingi 500. Angalia jinsi menyu ile ilivyoandikwa: tuma pesa, toa pesa, nunua muda wa maongezi, lipa bili. Yote ni vitenzi, yote ni mambo ambayo mtu anataka kufanya. Hakuna mahali palipoandikwa "Idara ya Huduma za Kifedha". Na siku hizi mfumo unakuonyesha jina la unayemtumia kabla pesa hazijaondoka, kwa sababu walijua binadamu hukosea tarakimu. Mtu anayehamisha mshahara wake kwa simu hashindwi na fomu ya likizo. Fomu ndiyo imemshinda mtengenezaji.

Kisingizio cha pili: "Ni lazima iwe ngumu kwa sababu ya usalama." Hiki hutetea ile sheria ya kubadilisha nenosiri kila siku 30, liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na lisifanane na yale kumi yaliyotangulia. Matokeo yake ni karatasi ya manjano iliyobandikwa chini ya kibodi. NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017 ilishauri mifumo isiwalazimishe watu kubadilisha nenosiri kila baada ya muda fulani bila sababu, yaani bila dalili kwamba limevuja. Ugumu huu haumzuii mwizi. Unamzuia Mzee wa lori.

Tena ugumu una hatari yake ambayo haitajwi. Watu wakishindwa na intraneti hawaachi kufanya kazi, wanahamia WhatsApp. Kila idara ina kundi lake. Humo hutumwa picha za vitambulisho, barua za daktari, orodha za mishahara. Mfanyakazi akiacha kazi, simu yake anaondoka nayo na kila kitu kilichomo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na barua ya daktari iliyorushwa kwenye kundi la watu themanini ni nini kama si hiyo? Kisha mkuu wa usalama anakwambia intraneti iko salama. Ni kweli iko salama, kwani haina mtu ndani.

Kisingizio cha tatu: "Hakuna bajeti ya utafiti." Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwa hesabu jinsi matatizo ya mfumo yanavyogunduliwa kadiri unavyoongeza watu wa kuujaribu. Katika miradi waliyoichunguza, mtu mmoja aliibua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo. Mwaka 2000 Nielsen akaandika kwamba watu watano wanatosha kuibua karibu asilimia 85, na kwamba ni afadhali ujaribu na watano, urekebishe, kisha ujaribu tena na watano wengine, kuliko kufanya jaribio moja kubwa. Watu watano! Hiyo si bajeti, hiyo ni alasiri moja na chupa ya chai.

Na mtu akikwambia pesa hakuna, mfanyie hesabu ya hasara. Tuseme kampuni ina watu 400, na kila mmoja anapoteza dakika 10 kwa siku akitafuta kitu au akimsumbua mwenzake amtafutie. Hizo ni dakika 4,000, sawa na saa 66 na ushee. Kwa siku ya kazi ya saa 8, ni kama kuwalipa watu wanane mshahara kamili kazi yao ikiwa kutafuta fomu. Badilisha tarakimu zangu uweke za kwenu, halafu uniambie bajeti iko wapi.

Fanyeni hivi

Sipendi mtu wa kulalamika tu, kwa hivyo haya ndiyo ningefanya kabla ya kununua mfumo wowote mpya.

1. Kaa kando ya watu. Mchukue dereva, karani wa stoo, mhasibu, mtu wa mapokezi na mgeni aliyeajiriwa mwezi huu. Mpe kila mmoja kazi tano: omba likizo, tafuta nambari ya mtu wa tawi la Kisumu, pata hati ya mshahara ya mwezi jana, ripoti kompyuta iliyoharibika, jua bima inalipa nini. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Usimwambie "bofya pale juu". Andika anapokwama. Mkuu wa idara akitaka kuhudhuria, akaribishwe, ila naye anyamaze.

2. Soma watu wanatafuta nini. Mifumo mingi inaweza kuhifadhi maneno yanayoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Chapisha orodha ya maneno yanayoleta sifuri. Orodha hiyo ni barua ya malalamiko ambayo wafanyakazi wamekuwa wakiiandika kila siku bila mtu kuisoma.

3. Panga kwa shida, si kwa idara. Andika kila kitu kilichomo kwenye kadi za karatasi, moja moja, waite wafanyakazi wachache, waambie wapange yanayofanana pamoja na walipe kila fungu jina lao wenyewe. Majina hayo ndiyo menyu yenu. Uingereza ilifanya jambo la aina hii kwa nchi nzima: tovuti ya GOV.UK ya 2012 ilianza na swali la raia anahitaji nini, na baadaye tovuti za wizara mbalimbali zikahamishiwa humo. Kama serikali iliweza kuzishusha wizara zake nyuma ya mahitaji ya raia, kampuni yenye idara saba itashindwa?

4. Futa. Kila ukurasa uwe na jina la mwenye nao na tarehe aliyouhakiki mara ya mwisho. Ukikosa mwenyewe, uondoke. Fomu iwe moja tu, ile inayotumika leo, na iitwe "Omba likizo". Nambari ya HR-F-07 wabaki nayo mafaili ya wakaguzi.

5. Punguza uzito. Picha zile za utepe zinaweza kufikisha ukurasa megabaiti 5. Katika tawi lenye laini ya megabiti 1 kwa sekunde, ukurasa huo unachukua sekunde 40, na hapo uwe peke yako kwenye laini. Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 10 ni karibu mwisho wa uvumilivu wa mtu anayeitazama skrini. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009 wengi wetu tulidhani habari ya uzito imekwisha. Ofisini Upper Hill labda imekwisha. Ghala la tawi si Upper Hill. Tena mfikirie anayetumia simu yake, kwa data aliyoinunua mwenyewe.

6. Andika maandishi. Tangazo liwe ukurasa wa maneno, si picha ya karatasi. Saini na muhuri vikae kwenye faili la ofisi. Hili peke yake lingeokoa siku 9 za mtu ninayemjua.

7. Na liwe kwa Kiswahili pia. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Lakini intraneti zetu nyingi zinazungumza Kiingereza cha mawakili na watu ambao mchana kutwa wanafanya kazi kwa Kiswahili. Msiniambie maneno hayapo. Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kama jedwali la hesabu lilizungumza Kiswahili mwaka ule, "Omba likizo" haiwezi kuwashinda leo.

Hayo saba hayahitaji seva mpya. Hayahitaji hata akili bandia, ambayo najua kuna mtu tayari anataka kuwauzia ili "izungumze na nyaraka zenu". Ikizungumza na HR-F-07 nne zinazopingana itawapa jibu la uongo kwa sauti tamu. Safisheni ghala kwanza, mashine baadaye.

Wakubwa watasema haya ni mambo madogo. Kwa mtu mwenye katibu, ni madogo. Kwa mtu ambaye likizo yake, bima ya mtoto wake na nauli aliyoitoa mfukoni vinapita kwenye mlango huo mmoja, mlango ukiwa na kutu hilo ni jambo kubwa. Nimeona pia kwamba ugumu haugawanyiki sawa: anayekaa ofisini huuliza jirani, anayekaa barabarani au ghalani hukosa. Intraneti mbovu huwachukulia wa chini na kuwaachia wa juu, na haihitaji mtu yeyote mwenye nia mbaya ili ifanye hivyo.

Kwa hiyo napendekeza sheria moja, nanyi wafanyakazi mnaweza kuidai katika kikao kijacho. Kabla kampuni haijamkata mtu siku, shilingi au nafasi kwa sababu "ilikuwa kwenye intraneti", mchukuliwe mfanyakazi mwingine wa kazi ile ile, kwenye kompyuta ile ile, aambiwe alitafute tangazo hilo, apewe dakika tatu na asisaidiwe. Akilipata, sawa, aliyekosa akubali kosa lake. Asipolipata, mtu huyo arudishiwe siku zake, na tangazo lihesabiwe kuwa halijatolewa.

Mkuu wa idara akiona dakika tatu ni chache, aketi yeye mwenyewe kwenye ile kompyuta ya kando ya stoo alitafute.